Moyo ukiruka mapigo, neno "mawazo" liwe jibu la mwisho

Katika vituo vya afya vya Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, kuna lalamiko ambalo wauguzi wamelizoea mno: "Roho inanipiga-piga." Anayelileta mara nyingi ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwenye watoto, mwenye meza sokoni au shamba nje ya mji. Anaeleza kwamba usiku moyo unashtuka, unaruka pigo moja, kisha unadunda kwa nguvu mpaka anaketi kitandani. Majibu yanayomsubiri yanajulikana. Mmoja atasema ni gastriti. Mwingine atasema ni tansio. Wa tatu atasema ni mawazo ya vita. Jirani naye ataongeza la nne: umelishwa sumu. Kila jibu lina duka lake la dawa, na mama anarudi nyumbani na vidonge vya rangi nne bila mtu yeyote kumshika mkono na kuhesabu mapigo yake.

Hoja yangu katika safu hii ni moja. Tumbo, msongo wa mawazo na miaka ya kuelekea kukoma hedhi ni sababu za kweli za moyo kwenda ovyo, na kwa mama wa umri huu katika eneo letu zote tatu hukutana ndani ya mwili mmoja. Lakini nyuma yake hujificha maradhi mengine yanayoua, na yana dalili zilezile. Kwa hiyo neno "mawazo" lisitamkwe mlangoni. Litamkwe baada ya kupima, na likishatamkwa litibiwe kwa uzito uleule wa ugonjwa mwingine wowote.

Pigo linaloruka ni nini

Moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Mwendo wake huongozwa na kifundo kidogo kilichoko kwenye chumba cha juu cha kulia, ambacho hutoa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Wakati mwingine sehemu nyingine ya moyo hutoa umeme wake kabla ya zamu. Pigo hilo la mapema huwa dhaifu kwa sababu moyo haujapata muda wa kujaa damu, na mara nyingi halisikiki. Halafu moyo hupumzika kidogo, hujaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata hutoka kwa kishindo. Kile ambacho mama anakiita "moyo umesimama" ni hayo mapumziko mafupi. Kile anachokiita kushtuka ni pigo la kawaida lililobeba damu nyingi.

Mapigo ya aina hii huonekana karibu kwa kila mtu anayevishwa kifaa cha kurekodi moyo mchana na usiku. Kifaa hicho kimeitwa kwa jina la Norman Holter, mwanasayansi wa Montana, Marekani. Cha kwanza alichokijaribu, mwishoni mwa miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa karibu kilo 38. Kabla yake, daktari aliuona moyo kwa sekunde chache tu, mgonjwa akiwa amelala. Baada yake ndipo ilipofahamika kwamba moyo wenye afya nao hukosea mwendo, na kwamba wengi wetu hatusikii.

Somo zito zaidi lilikuja mwaka 1989. Utafiti ulioitwa CAST, uliofanywa kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo, uliwapa dawa za kufuta mapigo ya ziada. Dawa zilifanya kazi na mapigo yakapungua. Lakini waliokunywa dawa walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na utafiti ukasimamishwa kwa upande huo. Tangu hapo madaktari wa moyo wanajua kwamba kufuta pigo si sawa na kumponya mtu. Mama anayeambiwa na duka la dawa kwamba kuna "kidonge cha kutuliza roho" anapaswa kulijua hilo.

Miji yenye sababu ya kuogopa

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewafukuza watu mashambani na kuwajaza mijini. Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Mangina, magharibi mwa Beni, ikaenea hadi Katwa na Butembo. Ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 wamefariki. Mei 2021 mkoa wetu wa Kivu Kaskazini ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na shughuli za serikali ya mkoa zikahamia Beni. Mwanamke aliyekuwa na miaka 35 wakati mauaji yalipoanza sasa ameingia umri ambao homoni zinabadilika. Amefika hapo bila kupata mwaka mmoja wa utulivu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yenye vita, mtu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo fulani la afya ya akili, kuanzia huzuni na wasiwasi hadi kumbukumbu za mateso zisizoondoka. Msongo wa namna hii haukai kichwani tu. Mlio wa risasi au simu ya usiku wa manane humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, presha hupanda, na chembe za moyo huwa nyepesi kutoa umeme kabla ya wakati. Hali hiyo ikirudiwa kila wiki kwa miaka, mwili husahau kushuka. Wapo akina mama wanaolala na nguo za mchana, mfuko wa vitambulisho karibu na kichwa. Usingizi wa hivyo haumpumzishi mtu.

Wengi huuliza kwa nini moyo uruke usiku, wakati wa kutulia, na si mchana wakati wa mbio za soko. Jibu ni kwamba mchana moyo unakwenda haraka na hauachi nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Usiku mwendo hupungua, nafasi hurefuka, pigo la mapema hupata pa kuingilia, na kimya cha nyumba humfanya mtu alisikie. Hapo hofu huingia: "Nakufa." Hofu humwaga adrenalini nyingine, na mapigo huongezeka. Kumweleza mtu mzunguko huu kwa dakika 5 ni sehemu ya tiba, na ni sehemu ambayo karibu kila mara tunairuka.

Sahani moja ya usiku

Tazameni siku ya mama muuza vitenge au unga. Anatoka alfajiri na kikombe cha chai na mandazi mawili. Mchana hali, kwa sababu akiondoka mezani mteja anakwenda kwa jirani. Pengine anakunywa soda. Kichwa kikimuuma anameza diklofenaki au ibuprofeni tumbo likiwa tupu. Saa mbili usiku anafika nyumbani, anapika, analisha watoto, na mwisho anakula sahani moja iliyojaa: bugali wa muhogo, sombe, maharage. Nusu saa baadaye amelala. Saa nane usiku anaamka, kifua kinawaka, tumbo limejaa gesi, moyo unadunda.

Daktari Mjerumani Ludwig Roemheld aliandika kuhusu hali ya namna hii mwaka 1912: tumbo lililojaa na moyo unaolalamika. Maelezo yake yako kwenye maumbile yenyewe. Umio, mrija unaoshusha chakula, hupita nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Tumbo likijaa hewa husukuma kiwambo juu, na moyo umekaa juu ya kiwambo hicho. Neva ya vagasi, inayoongoza tumbo, ndiyo hiyohiyo inayopunguza mwendo wa moyo. Asidi ikipanda, tumbo likivimba, neva hiyo ikisumbuliwa, moyo nao hupata habari. Kwa hiyo mama anayesema "nikicheua roho inatulia" hajidanganyi.

Ila neno gastriti limekuwa kapu la kila kitu, na lina hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba zile dawa za maumivu hutoboa tumbo polepole na kulitoa damu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, moyo unaokwenda mbio unasema damu inapotea. Ya pili ni omeprazoli inayomezwa mwaka baada ya mwaka bila mtu kuuliza. Dawa hiyo ni nzuri kwa wiki chache zilizopangwa, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kushusha magnesi mwilini, na magnesi ikishuka moyo hupoteza mwendo wake. Dawa ya tumbo inaweza kuzaa ugonjwa uleule uliompeleka mama kununua dawa.

Na kahawa? Tuko katika nchi ya kahawa, milima ya Butembo na Lubero inaijua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 uliwafuata watu wazima 100 kwa siku 14. Siku za kahawa, mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa maana yoyote. Ya vyumba vya chini yaliongezeka, kutoka wastani wa 102 hadi 154 kwa siku, na watu walilala dakika 36 pungufu. Kwa moyo mzima hiyo si hatari. Kwa mama ambaye usingizi wake umekwishavunjwa na hofu, kikombe cha jioni kinafaa kiachwe. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, na pombe kali ni jambo zito zaidi, kwa sababu pombe nyingi huweza kuvuruga kabisa mwendo wa vyumba vya juu.

Miaka ambayo haitajwi

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ya kuyumba. Homoni ya estrojeni haishuki taratibu. Inapanda na kushuka ovyo. Estrojeni husaidia mishipa kulegea na hutuliza mfumo unaotoa adrenalini, basi ikiyumba, moyo huwa mwepesi kushtuka. Joto la ghafla linapopanda kifuani na usoni, mapigo huweza kuongezeka kwa 7 hadi 15 kwa dakika. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba hadi wanawake 42 kati ya 100 walio katika miaka hiyo, na hadi 54 kati ya 100 waliokwisha kukoma hedhi, hulalamikia moyo kudunda.

Hilo si jambo la nadra, ila kwetu ni jambo la siri. Mama atataja malaria, atataja gastriti, lakini hatataja kwamba mwezi huu ameona siku zake mara mbili. Muuguzi kijana naye anaona haya kumuuliza mtu wa umri wa mama yake. Kwa hiyo swali linaloweza kufumbua mambo haliulizwi: "Mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, na ilikuwa nyingi kiasi gani?"

Swali hilo hufungua milango miwili. Katika miaka hii hedhi huweza kuwa nzito na ndefu, na damu ikipungua mwilini moyo hulazimika kukimbia. Hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu. Ukiongeza malaria na minyoo ya safura, wengi wapo chini ya hapo. Mlango wa pili ni mimba. Mama wa miaka 45 ambaye hedhi imeruka anaweza kuwa mjamzito, na kipimo cha mkojo cha bei ndogo kinatoa jibu.

Maradhi yanayofanana nayo

Tezi ya shingo inastahili kutajwa ya kwanza, kwa sababu Kivu ina historia nayo. Milima yetu ina upungufu wa madini joto, na rovu limekuwepo miaka mingi. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha ripoti ya madaktari kuhusu watu wa Kivu ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi baada ya kupata chumvi yenye madini joto. Chumvi hiyo imeokoa akili za watoto wengi na isiachwe hata kidogo. Lakini mama mwenye rovu la zamani, anayekonda huku anakula, anayetetemeka mikono na kutoka jasho, asiambiwe kwamba ni kukoma hedhi tu. Dalili za hali hizo mbili hufanana sana.

La pili ni moyo ulioharibiwa utotoni. Maumivu ya koo yasiyotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huweza kuacha kovu kwenye valvu. Miaka mingi baadaye vyumba vya juu huanza kutetemeka badala ya kupiga, damu hugandia humo, na bonge likipanda kichwani huleta kiharusi. La tatu ni dawa: kwinini, salbutamoli ya pumu, vidonge vya kukojoza kwa wenye presha ambavyo hushusha potasiamu. La nne ni kwa mama aliyejifungua karibuni: kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kuzaa, moyo unaweza kulegea, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo.

Vidole viwili na dakika moja

Mashine ya kupima umeme wa moyo haipo kila kituo. Kwa sasa barabara ya kwenda kwa wataalamu wa Goma si ya kutegemea, na wenye uwezo huvuka mpaka wa Kasindi hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, Kampala. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kiwe kile ambacho kila muuguzi na kila familia inacho.

Mama akae dakika 5 bila kusema. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kina mapigo yake. Hesabu dakika nzima, si sekunde 15. Kisha jiulize: mwendo ni sawa? Au ni sawa, ila mara mojamoja kuna pengo? Au hauna mpangilio wowote, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati? Mwendo ulio sawa au wenye pengo la mara mojamoja kwa kawaida ni wa heri. Mwendo usio na mpangilio wowote unahitaji mashine ya moyo haraka, hata kama mama anajisikia vizuri.

Baada ya vidole, vipimo vichache: presha, hemoglobini, malaria, mimba kwa anayeweza kubeba, na homoni ya tezi palipo na rovu au dalili zake. Mtu asisubiri hata siku moja akizimia, akipata maumivu ya kifua yanayobana, akishindwa kupumua akilala chali, akivimba miguu, moyo ukivurugika anapofanya kazi nzito, ukizidi 120 kwa dakika bila kushuka akiwa amepumzika, mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, au ikiwa ndugu wa damu alikufa ghafla akiwa kijana.

Vipimo vikiwa safi

Hapo ndipo tunaweza kusema: mama, moyo wako ni mzima, na unachosikia ni cha kweli. Kula mara tatu kidogo badala ya mara moja kingi. Maharage na sombe ziendelee, ni chakula cha damu. Ila sahani kubwa iwe ya mchana, na kati ya chakula cha jioni na kulala zipite saa 3. Inua upande wa kichwa wa kitanda. Lala kwa ubavu wa kushoto kama kiungulia kinakusumbua. Maji ya kutosha, soda chache.

Kwa msongo, pumua polepole: pumzi 6 kwa dakika, kuingiza kwa sekunde 4 na kutoa kwa sekunde 6, kwa dakika 10 asubuhi na usiku. Hili huamsha ile neva ya vagasi na kuushusha moyo. Wanaoona picha za mauaji usiku wanahitaji zaidi ya pumzi: wanahitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza, na ndugu wa kanisani au msikitini, au wenzao wa kikundi cha akiba, wanaweza kuwasindikiza wafike kwa mtu huyo.

Ikiwa moyo unaanza kukimbia ghafla na mbio hizo hukoma ghafla, kuna mbinu inayoweza kufanywa kituoni. Mgonjwa ameegemea, anapuliza bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15 mpaka pistoni isogee, halafu analazwa chali mara moja na miguu inainuliwa kwa sekunde 15. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba njia hii ilirudisha mwendo wa kawaida kwa wagonjwa 43 kati ya 100, dhidi ya 17 kwa njia ya zamani ya kupuliza tu. Bomba la sindano lipo hata kituo kidogo kabisa. Propranololi nayo ina nafasi yake, ila haimfai mwenye pumu na haiachwi ghafla, basi isinunuliwe bila daktari. Homoni za kukoma hedhi vilevile hutolewa kwa kupima faida na hatari za kila mama.

Wauguzi wenzangu, muulizeni kila mama wa miaka 40 na zaidi kuhusu hedhi, chakula na usingizi kabla ya kuandika dawa. Baba, mke wako akiketi kitandani usiku, usimwambie anajisumbua. Mshike mkono uhesabu mapigo, na asubuhi umpeleke kituoni. Nawe mama, usinunue kidonge cha pili kabla hujajua cha kwanza kilikuwa cha nini. Omba upimwe damu, presha na mapigo. Ni haki yako, na kwa walio wengi jibu litakuwa jema.